Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Waziri wa Afya: Warudishieni wanafunzi wa bweni usiku wao

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Jogoo House, Nairobi
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Afya House, Nairobi

Nakala: Tume ya Huduma za Walimu, wakurugenzi wa elimu wa kaunti, walimu wakuu wa shule za bweni

MINTARAFU: KENGELE YA SAA KUMI ALFAJIRI

Waheshimiwa Mawaziri,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mzazi kutoka Kaunti ya Kakamega, na kazi yangu ni uuguzi. Nawaandikia hadharani kwa sababu njia za faragha nimezipita zote. Februari nilimwandikia mwalimu mkuu wa shule anakosoma binti yangu. Machi niliiandikia bodi ya usimamizi. Kisha nikabeba nakala za barua zote mbili hadi ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, zikapigwa muhuri wa kupokelewa. Hadi leo sijajibiwa kwa maandishi na yeyote.

Shule yenyewe sitaitaja, maana haya ninayoyaeleza si ya shule moja, na mwanangu bado yumo humo.

Yuko Kidato cha Tatu. Septemba mwaka jana alianguka darasani kabla ya saa kumi na moja alfajiri, akiwa kwenye prepu, yale masomo ya kujisomea kabla ya kifungua kinywa. Januari akaanguka tena, saa zilezile. Vipimo vikaonyesha ni kifafa. Daktari akamwanzishia dawa, na chini ya karatasi akaandika kwamba mgonjwa huyu asilale chini ya saa 8 kila usiku. Nilipoipeleka karatasi hiyo shuleni, mwalimu mkuu aliisoma yote, kwa upole, halafu akaniambia: "Mama, nikimruhusu huyu, kesho watakuja hamsini."

Nimelitafakari jibu hilo kwa miezi. Hakuniambia kuwa saa 8 ni nyingi kwa mtoto. Aliniambia wenzake nao watazitaka. Ndiyo maana barua hii haiombi ruhusa ya mtoto mmoja.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Sheria ipo, na inavunjwa kila usiku.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimepanga siku ya mwanafunzi wa bweni saa kwa saa. Masomo ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Prepu ya jioni ni saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu usiku. Kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa kulala. Hayo yameandikwa. Ni saa 8 na nusu kitandani, kwa kila mwanafunzi, mgonjwa na mzima.

Kwa hiyo daktari wa binti yangu aliomba nusu saa pungufu ya kile ambacho sheria ya Kenya ilishampa mtoto huyo miaka kumi na zaidi iliyopita, na bado akanyimwa.

2. Hesabu ya kinachopotea.

Shuleni kwao prepu ya jioni huisha saa nne usiku, taa huzimwa saa nne na nusu, na kengele hulia saa kumi alfajiri. Saa kumi na nusu kila mtu awe darasani, na anayechelewa hupiga magoti nje. Hizo ni saa 5 na nusu kitandani, hata kabla hujaondoa muda wa kutafuta usingizi au wa kuamshwa na anayekohoa kitanda cha juu. Kila usiku mtoto anakatwa saa 3 za haki yake. Kwa usiku sita wa juma, hizo ni saa 18. Kwa muhula wa wiki 13, ni saa 234, sawa na usiku mzima 27 wa kanuni ileile. Ni kama kumwambia mtoto kwamba katika kila muhula, karibu mwezi mzima hatalala kabisa.

Wataalamu wa usingizi wanashauri kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Ukilinganisha na hapo, hata kanuni yetu haikuwa ya ukarimu kupita kiasi. Ilikuwa ya wastani.

3. Hili ni suala la afya, na Wizara ya Afya haiwezi kusema si lake.

Hapa naomba Waziri wa Afya anisikilize kwa makini, kwa kuwa nazungumza kama mtumishi wa wizara hiyo kitaaluma na vilevile kama mama.

Mtoto akilala, ubongo wake haulali bure. Ni usiku ambapo yale aliyoyasoma mchana hupangwa upya na kuwekwa katika kumbukumbu ya kudumu. Homoni ya ukuaji humwagika kwa wingi katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Usingizi wa ndoto, nao una kazi zake katika kutuliza hisia na kushikamanisha mafunzo, huja kwa wingi kuelekea alfajiri. Kengele ya saa kumi hukata huo wa mwisho, na kuukata kwa watu ambao miili yao ndiyo kwanza ilikuwa imezama.

Maana mwili wa kijana una saa yake. Kuanzia balehe, melatonini, ile homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutoka kwa kuchelewa ikilinganishwa na mtoto mdogo, pengine hata kwa muda wa saa 2. Kijana wa miaka 16 anayekodoa macho saa nne usiku na asiyeweza kuamka alfajiri bila kuvutwa blanketi hajashindwa na adabu. Mwili wake unafanya kazi jinsi miili ya rika lake inavyofanya. Sisi tunamwita mvivu. Lugha yetu yenyewe imetusaidia kumlaumu: tukitaka kumtia mtu moyo tunamwambia "usilale", na aliyepitwa na jambo tunasema amelala.

Ukosefu wa usingizi ni mojawapo ya vichochezi vikubwa vya kifafa. Mwanafunzi mwenye kifafa anayelala saa 5 anaweza kumeza dawa zake zote kwa wakati na bado akaanguka. Huku Magharibi, na Pwani pia, tuna watoto wengi wenye seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Baridi huweza kuwaletea yale maumivu ambayo aliyewahi kuyashuhudia wodini hayasahau, lakini wanaamshwa gizani kuoga maji ya baridi. Wenye pumu nao tunawapanga mistari nje kwenye umande. Na vijana wasiolala vya kutosha huandamwa zaidi na huzuni ya kudumu na mawazo ya kujidhuru. Tunaajiri washauri wa wanafunzi huku kengele ikibomoa usiku kile wanachokijenga mchana.

Hata mafua yanayozunguka bwenini kila Juni yana uhusiano na jambo hili. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwapima watu wazima usingizi wao, kisha wakawatia kirusi cha mafua puani. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 walishikwa na mafua mara nne zaidi ya waliolala zaidi ya saa 7. Mabweni yetu yana mamia ya watoto wa saa 5, vitanda vimegusana.

4. Kuhusu vitanda vyenyewe.

Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 unataka nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na njia ya mita 2 katikati ya bweni. Uliandikwa kwa ajili ya moto, na tunajua kwa uchungu ni kwa nini: Kyanguli 2001, Moi Girls Nairobi 2017, Endarasha 2024. Lakini nafasi hiyo ni ya pumzi na utulivu pia. Tangu sera ya kila mtoto kuingia shule ya upili ianze kutekelezwa mwaka 2018, sera ambayo naiunga mkono kwa moyo wote, shule zimepokea watoto bila kuongezewa mabweni kwa kiwango hicho. Binti yangu analala hatua moja kutoka mlangoni ambako wenzake hupita usiku kucha kwenda msalani.

5. Wa kutwa nao hawajapona.

Kanuni zilezile zinakataza mwanafunzi wa kutwa kulazimishwa kufika kabla ya saa moja na robo asubuhi. Tokeni nje saa kumi na moja katika mtaa wowote wa Nairobi, Nakuru au Eldoret mtazame mabasi ya manjano yakikusanya watoto wa miaka 7 waliolala wakiwa wameegemeza vichwa dirishani. Kenya iko kwenye ikweta. Jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi, mwaka mzima. Watoto hawa huondoka nyumbani gizani Januari na gizani Desemba.

Sasa naomba nijibu yale ambayo najua mtaambiwa na wasaidizi wenu, kwa kuwa nimeshaambiwa.

Nitaambiwa wazazi walikubali. Ni kweli. Nilikuwepo kwenye mkutano huo wa mwaka, mwalimu mkuu akauliza nani anapinga masomo ya alfajiri, na hakuna mkono ulioinuliwa. Wangu pia haukuinuka, na jambo hilo linaniuma. Niliogopa mwanangu ajulikane kama mtoto wa yule mama. Lakini mkutano wa wazazi hauna uwezo wa kufuta kanuni ya nchi, na ukimya wa watu wenye hofu hauwezi kuitwa ridhaa.

Nitaambiwa silabasi ni ndefu na walimu hawatoshi. Upungufu wa walimu naujua, na wale waliopo wanateseka. Mwalimu wa zamu wa prepu ya alfajiri ni mzazi pia, ana watoto aliowaacha kitandani. Lakini saa kumi na nusu alfajiri hakuna anayefundisha. Mwalimu mmoja hupita madirishani na tochi kuangalia nani amelaza kichwa. Upungufu wa walimu hauzibwi kwa kumwamsha mwanafunzi akakae peke yake na kitabu asichokielewa. Na kile atakachofundishwa saa nne asubuhi na mwalimu halisi, atakipokea akiwa anasinzia.

Nitaambiwa ni foleni ya bafu. Sababu hii haisemwi hadharani, lakini matroni aliniambia, na naiona ndiyo ya kweli kuliko zote. Shule ina wasichana zaidi ya 1,200 na bafu 40, na maji hutoka kwa zamu. Ili wote waoge wawe darasani kabla ya saa mbili, lazima wa kwanza waamshwe saa kumi. Nimemshukuru kwa ukweli wake, kwa sababu sasa tunajua tunalipia nini: ukosefu wa matangi na mabomba unalipwa kwa usingizi wa watoto. Nusu ya wasichana wangeweza kuoga jioni baada ya michezo, maji ya mchana yakihifadhiwa. Tatizo la fundi bomba lipewe fundi bomba.

Na nitaambiwa, hasa na watu wa rika langu, "hata sisi tulisoma hivyo na tukafaulu." Nilisoma hivyo. Tulikuwa tukitia miguu kwenye beseni la maji baridi chini ya dawati ili tusisinzie, na tuliona fahari. Nimejaribu kukumbuka jambo moja, moja tu, nililojifunza saa hizo, na sikumbuki. Nalikumbuka beseni. Tena tunaosema tulifaulu ndio tuliobaki kusimulia. Wenzetu waliokuwa wakilala mezani, wakachapwa, wakaitwa wajinga mpaka wakaamini, hakuna anayewaalika kwenye siku ya zawadi kuwauliza.

Wala mwili hauzoei, kama tunavyodhani. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilichapisha jaribio ambamo watu wazima walilazwa saa 6 tu kila usiku kwa siku 14. Mwishoni umakini wao ulikuwa umeshuka kama wa mtu aliyekesha usiku kucha, na wengi wao hawakutambua kwamba wameharibikiwa kiasi hicho. Kwa hiyo mtoto akikwambia "nimezoea", jibu lake si kipimo.

Wapo pia wanaosema ukimwongezea kijana saa ya kulala atakesha kwa saa hiyohiyo. Jiji la Seattle lilijaribu. Mwaka 2016 lilisogeza mwanzo wa masomo ya shule za upili kutoka saa mbili kasoro dakika kumi hadi saa tatu kasorobo asubuhi, na watafiti waliowafunga wanafunzi saa za mkononi za kupima usingizi walikuta wanalala dakika 34 zaidi kila usiku. California nayo ilitunga sheria mwaka 2019, ikaanza kazi 2022, kwamba shule ya upili isianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Sisi hatuhitaji kutunga. Tulishatunga 2015.

Limebaki la ushindani, na hili ndilo lililonifanya niwaandikie ninyi badala ya kuendelea kugombana na mwalimu mkuu mmoja. Aliniambia, nami namwamini: "Nikiacha peke yangu, shule jirani watanipita, na bodi itanifukuza." Kila mwalimu mkuu anamwogopa mwenzake. Hakuna hata mmoja anayeweza kuzima kengele hiyo peke yake, na hakuna atakayepoteza chochote zikizimwa zote siku moja. Ninyi pekee ndio mnaoweza kuzizima zote siku moja.

Tena wakati ndio huu. Gredi ya 10 imeingia shule za juu za upili Januari 2026, chini ya mtaala unaosema unajali uwezo wa mtoto kuliko alama. Wenzao wa Kidato cha Tatu na cha Nne ndio wa mwisho wa KCSE, ule mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili, na presha iliyo juu yao ni kubwa kuliko kawaida. Desturi watakayoikuta hawa wapya ndiyo watakayoirithisha.

Ninachoomba ni haya:

Kwanza, Waziri wa Elimu atoe waraka kabla ya muhula ujao kufunguliwa, unaozitaja saa za kulala kama zilivyo katika Kanuni za 2015, na ubandikwe langoni na ndani ya kila bweni mahali wanafunzi wanapousoma wenyewe.

Pili, maafisa wa kudumisha ubora wafanye ukaguzi wa ghafla saa kumi na nusu alfajiri. Nimeuliza kwetu, wakaguzi hufika saa tatu asubuhi, wakiwa wametangulizwa na simu. Saa hizo kila shule ni safi. Majina ya shule zilizokutwa na taa za madarasa zikiwaka yatangazwe, za umma na za binafsi.

Tatu, barua ya daktari iheshimiwe siku ileile inapopokelewa. Hili halihitaji kungoja waraka. Leo hii kuna watoto wenye kifafa, seli mundu na pumu wanaoamshwa saa kumi.

Nne, Waziri wa Afya auweke usingizi mahali pake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulipima tumbaku, pombe, lishe, mazoezi, shinikizo la damu na sukari. Ujao uulize pia watu wanalala saa ngapi. Chama cha moyo cha Marekani kiliuingiza usingizi katika nguzo zake nane za afya ya moyo mwaka 2022. Katika zahanati yetu tunamuuliza mgonjwa wa presha kuhusu chumvi na sigara, na fomu haitupi hata mstari mmoja wa kuuliza kuhusu usiku wake. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba wafundishwe kuuliza swali hilo.

Tano, pawepo njia ya mzazi au mwanafunzi kulalamika bila jina la mtoto kufika kwa anayelalamikiwa.

Sita, fedha za miundombinu zielekezwe kwenye matangi, mabomba na mabafu ya shule za bweni kabla ya ukumbi mwingine wa sherehe.

Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unataja kupumzika kuwa haki. Sijaomba jambo jipya hata moja.

Binti yangu atarudi bwenini muhula ukifunguliwa. Sandukuni nitamwekea dawa zake za muhula mzima na nakala nne za barua ya daktari, moja ya mwalimu wa zamu, moja ya matroni, moja ya kiranja wa bweni, na moja abaki nayo mwenyewe. Ningependa kuziondoa hizo nne nimwekee nakala moja ya waraka wenu.

Wenu mwaminifu,

Mama wa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, na muuguzi
Kaunti ya Kakamega